Ukarabati wa Ndege? Uhakiki wa Istilahi za Kuwauguza Ndege Mbuai na Kuwarejesha Porini

Katika msimu mmoja wa mvua za vuli, mtoto wa jirani yangu hapa Rwamishenye, Manispaa ya Bukoba, aliniletea mwewe aliyevunjika bawa. Alikuwa amemwokota chini ya waya wa umeme, akamfunga katika kanga ya mama yake. Watoto hudhani kwamba mwalimu, hata akistaafu, hujua kila jambo. Nami sikujua lolote. Nilichokuwa nacho ni kijitabu cha kurasa chache kilichonifikia zamani kidogo, chenye maelekezo ya kuwatunza ndege wa jamii ya tai na mwewe waliojeruhiwa, kilichotafsiriwa kwa Kiswahili. Sitawataja waliokitoa, kwa kuwa makosa yaliyomo si yao peke yao. Ni yetu sote tufanyao kazi ya kutafsiri.

Mwewe yule alikufa siku ya tatu. Sidai kwamba aliuawa na tafsiri, kwani bawa lake lilikuwa limeharibika vibaya. Lakini katika siku hizo tatu nilikisoma kijitabu kile kama mtu mwenye haja, si kama mwalimu asahihishaye insha. Ndipo nilipotambua jinsi istilahi isiyofaa inavyoweza kumfunga mikono mtu mwenye nia njema. Madhumuni ya makala haya, basi, ni kuzichunguza baadhi ya istilahi za kazi hiyo, kuonyesha kasoro zake, na kutoa mapendekezo ambayo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaweza kuyajadili.

1. Ukarabati wa nini?

Juu ya jalada la kijitabu yameandikwa maneno "Ukarabati wa Ndege". Jirani mmoja alipoyaona aliniuliza kama nimepata kazi ya ufundi katika kiwanja chetu cha ndege pale kando ya ziwa. Hakuwa akifanya mzaha. Katika Kiswahili cha leo tunakarabati barabara, madaraja, madarasa na mitambo. Na ndege ya abiria nayo hukarabatiwa. Sarufi nayo haikumsaidia msomaji. Laiti jalada lingesema "ndege hawa" au "ndege hizi", upatanisho ungaliamua mara moja kama ni wa manyoya au ni za bati. Lakini katika "ukarabati wa ndege", kiunganishi "wa" kinafuata ngeli ya neno ukarabati, wala hakituambii lolote juu ya ndege mwenyewe.

Wapo waliotumia "urekebishaji". Neno hili nalo limekwisha kuzoeleka mintarafu ya wafungwa na watoto waliopotoka, na mwewe hana tabia mbaya ya kurekebishwa. Anapomnyakua kifaranga hafanyi kosa. Anakula riziki yake.

Kumbe neno tunalo. Katika huduma za afya, kazi ya kumwezesha mgonjwa kuvitumia tena viungo vyake baada ya ajali au kiharusi huitwa utengamao. Mzizi wake ni kutengamaa, yaani kukaa sawa, kuwa katika hali njema. Hapana sababu ya kumnyima ndege neno tulilompa binadamu, maana kazi ni ile ile. Kidonda hutibiwa kwanza, kisha mwili huzoezwa.

Hata hivyo, kwa ndege mbuai utengamao una sharti moja ambalo kuku hana. Kuku aliyeunga mfupa vibaya ataendelea kudonoa uani. Mwewe, au kozi, aliye na bawa lililopona nusu atakufa kwa njaa, kwa kuwa maisha yake yote yategemea kasi na shabaha. Kwa hiyo yatupasa kutenga maneno mawili. Kupona ni habari ya jeraha. Kujimudu ni habari ya ndege mzima: kuruka, kuwinda na kujilisha. Kijitabu chasema, "Akipona, mwachie." Ilipasa kisema, "Akijimudu." Mafundi wa kazi hii, kama wale wa Kenya Bird of Prey Trust wenye vituo kando ya Ziwa Naivasha na huko Soysambu, humrejesha porini yule tu anayeweza kuishi huko. Asiyeweza hubaki mikononi mwa watunzaji.

2. Tai ni yupi?

Kijitabu kinatumia neno "tai" kwa ndege mkubwa yeyote mwenye mdomo wa ndoana. Kosa hili ni kongwe, wala si la Kiswahili peke yake. Katika Biblia ya Kiswahili, neno tai limewekwa mahali panapotajwa mbawa zipaazo juu, na pia mahali panapotajwa mzoga. Wafasiri walifuata lugha za asili, ambazo nazo zilitumia neno moja. Katika maandiko ya dini halina madhara. Katika taarifa ya afisa wa wanyamapori madhara yapo.

Tuchukue mfano. Mtendaji wa kijiji akiandika kwamba tai watano wamekutwa wamekufa, mkubwa wake hawezi kujua la kufanya. Iwapo ni tumbusi, yaani walao mizoga, dhana ya kwanza ni sumu: huenda mfugaji ametia sumu katika mzoga ili kumwua simba au fisi. Hapo sharti mzoga utafutwe na kuteketezwa siku hiyo hiyo, la sivyo wataendelea kufa. Iwapo ni tai wawindao, uchunguzi huelekea kwingine, pengine kwenye nguzo za umeme. Kwa neno moja tu, tumbusi, saa nyingi zingeokolewa.

Na saa hizo zina thamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 juu ya aina nane za tumbusi wa Afrika ulionyesha kwamba idadi yao imepungua kwa wastani wa asilimia 62 katika muda wa miaka 30 hivi. Mwaka huo huo aina nne ziliingizwa katika daraja la wale walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani. Bara Hindi lilitangulia kupata msiba huo: kuanzia miaka ya 1990 tumbusi walikufa kwa mamilioni, na mwaka 2004 ikathibitishwa kwamba chanzo ni diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Mwaka 2006 matumizi yake kwa mifugo yakapigwa marufuku nchini India. Mizoga ilikuwa imekwisha kukosa wa kuila, na mbwa wazururao wakaongezeka. Waswahili husema dua la kuku halimpati mwewe. Inaelekea dua ya ng'ombe ilimpata tumbusi, tena bila kuombwa.

Majina, kwa hiyo, tusiyachanganye. Tumbusi awe yule alaye mizoga. Furukombe awe yule avuaye samaki, mwenye kichwa cheupe, ambaye sisi wa pwani ya Ziwa Victoria humsikia akilia alfajiri huku ametupa kichwa nyuma. Mwewe awe yule wa mjini, mwenye mkia wenye panda, azungukaye juu ya masoko na mialo. Kozi awe mwenye mabawa marefu yaliyochongoka. Kipungu, neno lililo na ndugu yake katika Kiganda, ambako tai huitwa empungu, lihifadhiwe kwa yule mwenye mkia mfupi sana, apaaye kana kwamba anayumba. Tai libaki jina la wawindaji wakubwa waliosalia. Jina la jumla la kundi lote liwe ndege mbuai. "Ndege walao nyama" halitoshi, maana kunguru naye hula nyama, na korongo pia.

3. Hatari ya "mara moja" na "mnyweshe"

Ukurasa wa pili wa kijitabu una sentensi hii: "Usimpe chakula kigumu mara moja." Nimewapa watu watatu waisome. Wa kwanza alielewa kwamba nisimpe papo hapo, bali ningoje. Wa pili alielewa kwamba nisimpe chote kwa mkupuo mmoja, bali nigawanye. Wa tatu alielewa kwamba nisimpe kamwe, hata mara moja. Wote watatu ni Waswahili hodari, na wote wana haki.

Maana iliyokusudiwa ni ile ya kwanza. Ndege aliyekaa siku kadhaa bila kula huwa amenyauka. Tumbo lake haliwezi kumeng'enya mlo kamili, na mlo huo waweza kumwua. Kwanza apate joto na utulivu, kisha maji ya mwilini yarudishwe na mtu ajuaye, ndipo apewe chakula chepesi kidogo kidogo. Jirani aliyenisaidia alifuata maana ya pili, akawa anamkatia mwewe vipande vya nyama ngumu tangu saa ya kwanza, na kila kipande alikitoa kwa huruma. Ingekuwa rahisi kuandika, "Siku ya kwanza usimpe chakula kigumu kabisa." Mfasiri wa maelekezo ya tiba na aliogope neno "mara moja" kama mpishi aogopavyo chupa isiyo na karatasi ya jina.

Katika ukurasa huo huo tunaamriwa, "Mnyweshe maji." Kunywesha ni kumfanya mtu anywe, aghalabu kwa kumtia maji kinywani. Ndege mbuai ana tundu la pumzi pale pale kwenye shina la ulimi. Maji yakimiminwa kwa nguvu huingia mapafuni. Tena, maji mengi ayatumiayo huyapata katika damu na nyama ya windo lake. Tofauti baina ya kumnywesha na kumwekea maji ni tofauti ya kitenzi kimoja, nayo yatosha kuamua kama ndege ataamka asubuhi.

Mfano wa tatu ni "mfunge plasta". Dukani Rwamishenye ukiomba plasta utapewa utepe wa kunata. Utepe huo ukibanduliwa hung'oa manyoya. Mafundi huufunga mfupa uliovunjika kwa gango na bandeji isiyonata. Gango ni neno letu la tangu zamani, litokanalo na kuganga, yaani kuunga kilichokatika na kuponya kilichougua. Wavuvi na waunga mifupa hawakulisahau. Tuliolisahau ni sisi wenye kalamu.

4. Kuzoea na chapa ya ulezi

Kijitabu chaonya kwamba ndege "asizoee watu". Onyo ni sahihi, lakini linachanganya mambo mawili. Ndege mzima aliyekaa kizuizini majuma matatu huweza kumzoea mlishaji wake. Mazoea hayo hufifia akirudi kwao. Kinda aliyelelewa na binadamu tangu kufumbua macho ni habari nyingine. Huyo hudhani binadamu ndiye wa kabila lake. Akikua atamlilia mtu amlishe, atamshambulia mtu kama mpinzani, wala hatamtambua mwenzi wa jinsi yake. Hali hiyo aghalabu haifutiki, na ndege wa namna hiyo hafai kurejeshwa porini.

Konrad Lorenz aliieleza hali hiyo katika maandishi yake ya mwaka 1935 baada ya kuwalea makinda wa bata bukini waliomfuata kama mama yao. Mwaka 1973 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Karl von Frisch na Niko Tinbergen. Huko Marekani, kondori wa California walipobakia 27 tu mwaka 1987, wote wakiwa mikononi mwa wataalamu, makinda walilishwa kwa kikaragosi chenye sura ya kichwa cha kondori ili wasimwone mlishaji. Kuanzia mwaka 1992 wakaanza kurejeshwa porini.

Jambo zito kiasi hicho halifai kuitwa "kuzoea". Napendekeza chapa ya ulezi. Mfugaji wa Kagera anajua chapa ni nini: hupigwa mara moja, katika umri mdogo, na haitoki. Waswahili nao walikwisha kusema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwalimu akiyaunganisha hayo mawili, mwanafunzi hataokota kinda la bundi na kulifanya rafiki wa nyumbani akidhani atalirudisha mtini likizo itakapoisha.

5. Manyoya na madonge

Ndege aliyevunjika manyoya makubwa ya bawa haruki vema hata kama mfupa ni mzima. Mafundi huchukua unyoya ulioanguka kwa ndege mwingine wa aina ile ile, wakauunganisha na kishina cha ule uliovunjika kwa kijiti chembamba kilichotiwa gundi. Sanaa hii ni ya wafuga kozi wa kale. Mfalme Frederick wa Pili aliieleza katika kitabu chake cha karne ya 13, na hospitali ya kozi iliyofunguliwa Abu Dhabi mwaka 1999 huitumia hadi leo. Kijitabu kinaiita "kupandikiza manyoya". La hasha. Kinachopandikizwa huota, kama figo au mche wa mgomba. Unyoya uliokomaa hauna uhai, ni kama ukucha; utakaa mpaka ndege atakaponyonyoka na kuota mpya. Basi tuseme kuunga unyoya, na tumemaliza.

Vivyo hivyo, kijitabu chasema ndege "hutapika" manyoya na mifupa baada ya kula. Msomaji akiona neno kutapika atakimbilia dawa. Kumbe kwa bundi, kozi na wengine wengi hiyo ni dalili ya afya. Visivyomeng'enywa hukusanyika tumboni vikawa kidonge kikavu, kisha hutolewa kwa mdomo. "Kucheua" hakufai, maana ng'ombe acheuapo hutafuna tena na kumeza. Napendekeza kutema donge. Tena istilahi hiyo itamkumbusha mlishaji kwamba nyama tupu haitoshi. Ndege huyu ahitaji windo zima, na manyoya yake na mifupa yake. Kinda alishwaye minofu peke yake mifupa yake hupinda.

6. Kumfuga, kumtunza, kumwacha

Hapa tunaingia katika eneo ambalo istilahi hugusa sheria. Kijitabu kinasema, "Ukimfuga ndege huyu kwa mwezi mmoja..." Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, na mtu binafsi haruhusiwi kuwashika na kuwaweka bila kibali. Kufuga ni kumweka mnyama kwa faida au kwa anasa, bila nia ya kumtoa. Mtu mwema aliyemwokota mwewe hafugi. Anamtunza kwa muda wakati akiwatafuta wanaohusika. Afisa akisoma "anafuga" katika barua ya mwalimu atakuwa na haki ya kufungua jalada la kosa. Neno moja laweza kumgeuza msamaria kuwa mshtakiwa.

Kuhusu mwisho wa kazi, kijitabu chasema "mwache" na mahali pengine "mwachie". Kuacha kuna maana nyingi mno: mume humwacha mke, mlevi huacha pombe, msafiri huacha mzigo. Napendekeza kurejesha porini, kwa kuwa neno hilo lataja mahali, nalo lamlazimu mtendaji kuuliza: porini wapi? Furukombe wawili, dume na jike, hulinda kipande chao cha ufuko. Aliyeokotwa Bukoba akaachwa Biharamulo ameokolewa nusu. Tena kuna urejeshaji wa papo hapo, unaomfaa ndege mzima aliyekaa siku chache, na urejeshaji wa hatua kwa hatua, ambapo kijana huwekewa chakula mahali pale pale mpaka atakapojua kuwinda. Msomaji ataona kwamba hapa pia nimelikwepa neno "mara moja".

7. Mapendekezo

Kwa muhtasari, istilahi zifuatazo zaletwa mbele ya wasomaji ili zijadiliwe:

ndege mbuai – kundi zima la tai, tumbusi, mwewe, kozi, bundi na jamaa zao;
tumbusi – mbuai alaye mizoga;
utengamao – tiba na mazoezi ya kumrudishia ndege uwezo wake;
kujimudu – hali ya kuweza kuruka, kuwinda na kujilisha pasipo msaada;
gango – kitu kigumu cha kushikilia mfupa uliovunjika;
chapa ya ulezi – hali ya kinda kumdhania mlezi kuwa wa jinsi yake;
kuunga unyoya – kuunganisha unyoya mzima na kishina cha uliovunjika;
kutema donge – kutoa kwa mdomo mabaki makavu ya windo;
kutunza kwa muda – kumweka mnyamapori ili atibiwe, si kumfuga;
kurejesha porini – kumtoa ndege ajimuduye mahali panapomfaa.

Sioni kwamba orodha hii imekamilika. Wenzetu wa pwani wana majina ya ndege ambayo sisi wa bara hatujayasikia, na wavuvi wa mialo ya Muleba wanayo yao. Yote yakusanywe kabla ya kusanifishwa. Lakini kanuni moja naamini itadumu. Mfasiri wa maelekezo ya kazi asitosheke kuuliza, "Neno hili maana yake nini?" Amwulize mtu atakayelisoma, "Ukiambiwa hivi, utafanya nini?" Jibu likiwa sivyo alivyokusudia mwandishi, istilahi hiyo imeshindwa, hata kama ina sura nzuri na asili yake ni njema.

Mtoto yule wa jirani alimzika mwewe wake chini ya mgomba, kisha akaniuliza kama kitabu kilikuwa kimesema kweli. Nilimjibu kwamba kilisema kweli, ila hakikusema vizuri. Aliniangalia kama aliyepewa jibu nusu.